Posa Yangu na Samaki Dume Anayezaa

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa nimejificha jikoni na sikio nimelibandika mlangoni. Sebuleni walikaa wazee wa ukoo wetu wa hapa Ngara, na mbele yao alikaa Rafaeli, kijana wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi ya kupitisha mizigo ya malori pale mpakani Rusumo. Alikuja kuniposa. Moyo wangu ulivyokuwa ukidunda, we acha tu.

Mambo yalianza vizuri. Mshenga wake alisema yaliyompasa, Rafaeli akatulia kimya kama adabu inavyotaka, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. Baba, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya Mto Kagera, akachangamka. "Hebu mkwe," akasema, "wewe umekulia baharini. Tusimulie kidogo."

Kumbe alikuwa amefungulia bomba! Rafaeli akaanza na pweza. Ana mioyo mitatu, hana mfupa hata mmoja, anapenya kwenye tundu ambalo ngumi yako haipiti, na akitaka kujificha anageuza rangi mpaka unamkanyaga ukidhani ni jiwe. Wazee wakapiga makofi. "Mungu fundi!" Laiti angeishia hapo. Maskini, utamu wa kusikilizwa ukamkolea, akaongeza:

"Na kuna kisamaki tunakiita farasi wa baharini. Kichwa kama cha farasi, na kinaogelea kikiwa kimesimama wima. Mama anataga mayai, lakini anayebeba mimba ni baba. Na baba ndiye anayezaa."

Nikamsikia Baba akiweka kibuyu chini.

"Kijana, umekuja kuoa au umekuja kututania? Dume lizae?"

"Nimeona kwa macho yangu, Baba. Nilikuwa mtoto, nimeinama kwenye majani ya baharini, maji yamekupwa."

"Ya pweza tumeyameza. Haya sasa sema ulikuwa unatania, yaishe, tuendelee. Binti yangu simpi mwongo."

Mwanangu, jikoni kule nilikuwa nasali kwa watakatifu wote ninaowajua. Sema ulitania, Rafa, sema tu! Neno moja dogo, na mimi niolewe! Baadaye aliniambia mshenga naye alikuwa akimkanyaga mguu mpaka kiatu kikabonyea.

Rafaeli akajibu polepole, "Baba, nikikana nilichokiona kwa sababu namtaka binti yako, basi ipo siku nitamkana na yeye."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilijua imeharibika. Viti vikaanza kusogezwa, mshenga akaanza kuomba radhi.

Ndipo akasema Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa kwenye mkeka pembeni na kiko chake mdomoni. Bibi alikuwa mkunga, na nusu ya wanaume waliokuwa sebuleni humo aliwapokea yeye mwenyewe wakizaliwa.

"Kaeni. Mimi sijamuuliza bado. Wee kijana, hiyo mimba anaibebea wapi?"

"Shikamoo Bibi. Ana mfuko tumboni. Mama anayaweka mayai humo."

"Marahaba. Na uchungu anausikia?"

"Nilimwona anajikunja na kujikunjua, anajikamua, mpaka watoto wakawa wanarushwa nje. Wadogo, kama vipande vya uzi, lakini wengi."

"Wananyonya?"

"Hapana, Bibi. Wakishatoka kila mmoja anajitegemea."

"Na mama yao saa hiyo yuko wapi?"

Rafaeli akafikiri. "Hapo sijui, Bibi. Sikumwona."

Bibi alipiga paja akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Umesikia?" akamwambia Baba. "Amesema hajui. Nimedanganywa na waume za wanawake niliowazalisha maisha yangu yote, namjua mwongo. Mwongo ukimuuliza anakuongezea. Huyu amefika mwisho wa alichokiona, akasimama. Mpe mke, acha ukaidi." Kisha akamgeukia Rafaeli. "Na wewe, mjukuu wangu akichoka, utambeba mtoto?"

"Mfuko sina, Bibi, lakini mgongo ninao."

Ee! Nyumba ililipuka. Baba alicheka mpaka rubisi ikamtokea puani. Mimi nikajisahau nikapiga kigelegele huko huko jikoni kabla sijaitwa, na Mama akanifinya mpaka leo nikikumbuka paja linawasha. Furaha ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yenyewe.

Na wa kushangaza zaidi ni Baba. Alianza kwenda mnadani Kabanga na kumsimulia kila mwenye masikio habari za farasi wa baharini, utafikiri alimzalisha yeye. Ukimbishia alikuwa mkali kuliko pilipili. Na akimwona mkwe wake anapita sokoni na mtoto mgongoni, watu wanacheka, Baba alitunisha kifua.

Basi, mwanangu, nyie wa leo farasi wa baharini mnamtazama kwenye simu mkiwa mmelala kitandani, na bado mnabishana kuliko sisi. Nakuambia hivi. Jambo likikushangaza, usikimbilie kumwita mwenzako mwongo. Muulize, muulize tena, na umsikilize. Ulichokiona kwa macho yako usikikane ili upendwe, hata aliye mbele yako akiwa ameshika furaha yako mkononi. Na pale usipojua, sema hujui, bila haya.

Mungu akufungulie macho uone maajabu yake ya nchi kavu na ya majini, akupe na nyumba yenye kicheko. Na siku atakapokuja wa kukuposa, muulize maswali mpaka umfikishe pa kusema "sijui". Akishindwa kulitamka hilo neno, mpe chai, mshukuru kwa kuja, umsindikize mpaka barabarani.