Thora Aliyezivika Nyambizi Nguo

Mdogo wangu Thora Woodburn ameyashonea nguo mabomba ya nyambizi kwa miaka arobaini na mmoja. Watu wa Barrow, mji wetu wa kuunda nyambizi, wakianza kuwasifu wanaume wao walioviunda vyombo vile, mimi huwakatiza hapo hapo. Na Thora je? Chomelea chuma upendavyo, weka mtambo wa nyuklia mkubwa kama nyumba, lakini kama hakuna wa kuyavika mabomba, yatatoka jasho, yataunguza mabaharia, yatavuma, na adui atakusikia ungali mbali. Nami nilipika katika kantini ya gudi wanakoviunda miaka thelathini na miwili, nikawalisha mainjinia wote pai zangu. Ninayosema nayajua.

Alianza na miaka kumi na sita, kwenye banda la kushonea. Enzi hizo wanawake walishona nje, na wanaume ndio walioingia chomboni kuvisha, tena walivisha ovyo. Siku Thora alipoingia mara ya kwanza na sindano yake, mzee mmoja alimzuia mlangoni.

"Mwanamke ndani ya nyambizi ni mkosi."

"Mkosi ni huo mshono wako," Thora akamjibu. "Sogea."

Akasogea.

Chombo ninachotaka kukisimulia ni Namba Tisa. Jina lake la heshima walilipaka ubavuni baadaye, lakini sisi wa gudini hukiita kwa namba. Ee, Namba Tisa! Karibu mita mia moja kwa urefu, zaidi ya tani elfu saba, kimelala gudini cheusi kama nyangumi aliyeshiba. Mtambo wake ulitiwa fueli mara moja tu, utakwenda miaka ishirini na mitano bila kuomba nyingine. Hewa ya kupumua hukamuliwa kutoka maji ya bahari, na maji ya kunywa vilevile. Kinachowarudisha mabaharia nyumbani ni chakula kuisha, na hapo mimi mpishi hucheka sana: topido zote zile za kuzamisha meli, makombora ya kuruka mamia ya kilomita, na bado viazi ndivyo vyenye amri ya mwisho. Kapteni hana tena ile darubini ndefu ya kuchungulia huku amejikunja. Kamera hutoa kichwa juu ya maji, hutazama pande zote kwa kufumba na kufumbua, huzama, na yeye anakuja kuangalia picha kwenye skrini akiwa na chai yake mkononi.

Lakini fahari yake hasa ni kunyamaza. Mwili wote umebandikwa vigae vya mpira, maelfu kwa maelfu. Mashine zimekalishwa juu ya springi na mpira ili mtetemo usifike ubavuni. Hata rafadha ya nyuma inayokisukuma imefichwa ndani ya mkebe mkubwa isipige kelele. Kinasikia meli iliyo mbali kuliko jicho linavyoona, nacho chenyewe hakisikiki. Nyambizi ikishasikika, imekwisha.

Ndiyo maana pale kila kitu huandikwa. Spana ina namba, kalamu ina namba, ukiingia na mkasi utatoka na mkasi. Kitu kimoja kikisahaulika kitagonga chuma baharini, kigonge, kigonge, mpaka mtu mbaya asikie.

Basi mwaka ule jina la Thora likatokea kwenye orodha. Chombo kabla hakijakwenda baharini hupiga mbizi ya kwanza humo humo gudini, na mafundi wachache huchaguliwa kuzama pamoja na mabaharia. Alikuja kwangu kisiwani Walney akikimbia kutoka kituo cha basi, mwanamke wa miaka hamsini na saba, skafu imemwangukia mabegani.

"Dada! Nazama Alhamisi!"

"Unazama wapi? Umelewa?"

"Na Namba Tisa! Jina langu limo! Miaka yote hii nashona, sijazama hata mara moja!"

Tulicheza jikoni, wazee wawili, mpaka birika likamwagika. Alhamisi angezama, na Jumamosi chombo kingeondoka kwa maji ya bamvua. Njia yetu ya kutokea baharini ina kina kidogo, bamvua likikupita unakaa majuma ukisubiri jingine.

Jumatatu ikaja siku ya kusikiliza. Bi Aldous, binti wa vipimo mwenye masikio kama ya popo, alitumbukiza vinasa sauti majini, na mashine zikawashwa moja moja. Zote kimya. Ikafika zamu ya pampu ya maji ya bahari.

Tik. Tik. Tik.

Walikagua daftari za zana, hakuna kilichopungua. Nyapara Desmond Fell akaamua kwamba pampu ifunguliwe kesho yake asubuhi. Ikishafunguliwa, ni wiki mbili kuifunga na kuipima upya. Bamvua kwaheri.

Jioni hiyo Thora alikaa mezani kwangu, pai inapoa mbele yake.

"Ni subana ya mama," akasema.

Subana ni kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni asijichome. Ya mama yetu ilikuwa na alama ya meno yangu, niliitafuna nikiwa mchanga.

"Subana si uliipoteza kwenye basi?"

"Nilidhani. Ilikuwa Machi, na Machi nilikuwa nashona nyuma ya pampu ile ile."

"Lakini stoo si wanawapa za plastiki?"

"Zinanitoka kidoleni, dada. Ya mama niliiingiza mfukoni. Haijaandikwa popote."

Kitu kisichoandikwa adhabu yake ilijulikana. Unanyang'anywa kitambulisho, hukikanyagi chombo tena mpaka kiondoke. Maana yake Alhamisi hakuna.

Sasa nitasema nilichosema, japo sikipendi. Nilimwambia, "Nyamaza. Zama Alhamisi, Ijumaa ukaseme."

"Wanaifungua pampu kesho."

"Waifungue! Kuna anayejua?"

"Mimi." Akavuta sahani. "Tena umezidisha pilipili manga." Akala nusu, akaondoka.

Asubuhi alimkuta Desmond kwenye ngazi ya chombo, mafundi wa pampu wameshabeba masanduku yao.

"Desmond, usiwaruhusu waingie. Kinachogonga ni changu."

Akamweleza yote. Desmond alisimama akajikuna shingo.

"Thora, kwa nini wewe? Angekuwa mwingine ningemtukana."

"Nitukane basi, tuendelee na kazi."

"Lete kitambulisho."

Akampa. Desmond akakitia mfukoni, kisha akawageukia wenzake. "Nani ataingia nyuma ya pampu?"

Pale nafasi ni upana wa mlango wa kabati, na gamba la nguo Thora alilishona kwa mishono midogo ambayo mwingine angeikata ovyo. Wanaume wakatazamana.

"Tumbo lako halipiti, Desmond," Thora akasema. "Mlaumu dada yangu na pai zake."

Wakacheka wote, hata yeye. Akamwandikia kibali cha saa moja, na mlinzi wa kumfuata kama mwizi. Thora akajipenyeza kwa ubavu, akafumua mshono mmoja mmoja, akaingiza mkono mpaka bega. Dakika zikapita. Mlinzi alikuwa anaangalia saa.

"Nimeishika!"

Ilikuwa imekwama kati ya nguo na kibanio cha bomba, ukingo wake mmoja umeachiwa kucheza. Desmond akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuiandika namba, mara ya kwanza maishani mwake subana ya mama kuwa na namba. Thora akashona upya kwa ile ya stoo. Ilimtoka kidoleni mara saba. Kila mara aliiokota, akamwonyesha mlinzi.

Pampu haikufunguliwa. Lakini jina la Thora lilifutwa orodhani.

"Kanuni hii nimewasomea wengine," Desmond akamwambia. "Siwezi kuikunja kwa ajili yako."

"Nani kakuomba uikunje?"

Alhamisi sisi wastaafu tulialikwa gatini kutazama. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi. Thora alikuja na koti lake jekundu. Namba Tisa kikaanza kushuka. Maji yakapanda mgongoni, yakafunika mlango aliokuwa akiingilia kila siku, mpaka kikabaki kile kisogo cheusi tu. Watu wakapiga makofi. Mimi nami nilipiga kama msichana, kisha nikamtazama mdogo wangu nikaishusha mikono.

Bi Aldous akatoa kichwa kwenye kibanda chake cha gatini.

"Bi Thora! Njoo hapa."

Akamvalisha hedifoni za vile vinasa sauti vya majini. Thora akafumba macho. Nilisimama mlangoni nikimwangalia uso, na mvua ikiniingia kolani.

"Mmewasha pampu?" akauliza.

"Dakika nne zimepita," Bi Aldous akasema.

"Ile yenyewe? Ya maji ya bahari?"

"Hiyo hiyo. Inakwenda kwa nguvu zote."

Thora akafumbua macho, makubwa, yamejaa maji.

"Sisikii kitu," akasema. Kisha kwa sauti iliyowageuza wastaafu wote gatini: "Dada! Sisikii kitu! Hakuna kitu kabisa!"

Nilimpokonya hedifoni, siwezi kudanganya. Nikasikia matone ya mvua yakigonga maji kama mafuta yanavyochachatika kikaangoni, na miguu ya bata ikipiga kasia mahali fulani. Chini yake tani elfu saba za chuma, watu karibu mia, mashine zinazunguka. Sikusikia lolote.

"Hiyo ndiyo nguo uliyoshona," nikamwambia.

"Hebu nyamaza," akasema, akanivua hedifoni akajivalisha mwenyewe. "Nasikiliza."