Dawa ya Mbuzi

Juzi nilimpeleka binti yangu kliniki mjini Embu, tumbo lilikuwa linamsokota. Nesi alimpima uzito, akauliza miaka yake, kisha akauliza kama nyumbani tulikuwa tumempa dawa nyingine yoyote. Swali la kawaida kabisa, rafiki yangu, na mimi mama mzima nikaangua kilio mbele ya foleni. Binti alinionea haya.

Nililelewa na nyanya huko chini Mbeere, upande wa Kiambere. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa miaka mitatu, mama akifanya kazi mbali. Asubuhi zilinukia moshi na uji wa mawele uliochachuka. Nilichota maji, nikafagia zizi, na mdogo wangu akanifuata akiimba wimbo wake wenye neno moja tu, jina langu. Nilimfukuza mara nyingi. Alikuwa msumbufu, Mungu anisamehe.

Nyanya alijua mbuzi. Siku ya kuwapa dawa ya minyoo alimwinua kila mmoja kifuani, akamkadiria uzito, kisha akataja kipimo. Hakuwahi kupoteza hata mmoja, na majirani walimletea wao. "Mikono haidanganyi," alizoea kusema, nasi tuliamini.

Msimu mmoja mwalimu alitugawia vidonge vya minyoo shuleni. Wadogo walio nyumbani, alisema, wapelekwe dispensari wakapimwe kwanza. Ujumbe niliufikisha. Lakini dispensari ilikuwa mwendo wa saa mbili, ndengu zilikuwa zinapasuka shambani bila kuvunwa, na mdogo wangu alikuwa na tumbo lililovimba kama ngoma. Jumamosi asubuhi nyanya alimwinua kifuani vivyo hivyo. Akasema huyu ni uzito wa mwana-mbuzi aliyezaliwa mvua zilizopita, akachukua chupa ya dawa ya mbuzi, akapunguza kipimo kidogo kwa kuwa ni mtoto. Mimi ndiye niliyemshika mikono.

Haukupita muda, akaanza kutapika na kutokwa na udenda. Nyanya akamfunga mgongoni, tukashika njia.

Nesi wa dispensari alikuwa msichana mgeni, hajui Kimbeere. Nyanya naye Kiswahili hakukijua. Kwa hiyo nilisimama katikati mimi, na Kiswahili changu cha darasa la nne. Nilipomsalimia nesi alitabasamu. "Wewe unaongea Kiswahili safi," akasema. "Sasa uliza nyanya yako, huyu mtoto mmempatia nini?"

Nyanya hakuficha kitu. Alisema ni dawa ya mbuzi, akaonyesha kwa kidole mpaka ilipofika kwenye kijiko. Nilimtazama nesi na nguo yake nyeupe. Nilitaka aendelee kuniona mtoto wa maana. Nilishikwa na aibu ya nyumba yetu.

"Anasema ni dawa ya minyoo," nikajibu.

"Ile mlipewa shule?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nesi akashusha pumzi, akasema hiyo husumbua tumbo kidogo, tumpe maji, itaisha. Nilimweleza nyanya, naye akanishukuru kwa kumsemea vizuri.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani mtoto alipoanza kutetemeka. Tuligeuka, tukakimbia kurudi dispensari. Alikata roho mgongoni mwa nyanya, na nyanya hakujua, akaendelea kukimbia. Mimi niliyekuwa nyuma ndiye niliyeona.

Nimewauliza wauguzi na madaktari, bila kutaja ni nani, kama nesi angejua ukweli mtoto angepona. Wengi husema labda. Nimeishi na labda hiyo miaka mingi.

Leo zizi limeota miiba na nyumba imebaki mawe matatu ya jikoni. Dispensari ina jengo jipya, na watoto hupimwa uzito kabla ya kupewa dawa. Hakuna tena anayepima mbuzi kwa mikono. Nyanya mwenyewe aliacha tangu mazishi yale. Aliwauza mbuzi wote, na hata watoto wa majirani hakuwabeba tena.

Alipokuwa karibu kuaga dunia, alinishika mkono, akaniomba nimsamehe kwa kumuua mdogo wangu. Nikamwambia nimemsamehe.