Neno Ambalo Masinde Hakulisahihisha

Masinde aliuza viatu vya mitumba katika soko la Nakivubo, Kampala, kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na watu wa soko walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, hakuuza kiatu kabla hajakiosha, akakipaka rangi na kukitia kamba mpya, hata mteja akisema ana haraka. La pili, hakuweza kuliacha neno lililopinda lipite bila kulinyoosha.

Alitoka Chwele, upande wa Bungoma nchini Kenya, akaingia Uganda miaka michache baada ya vita vya 1986. Wazazi wake walipofariki, alirudi kwao kumchukua mdogo wake wa mwisho, Makokha, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akaja naye Kampala. Walipanga vyumba viwili Kawempe, ukuta mmoja na sisi. Mkewe Nerima alipoolewa alimkuta mtoto huyo ndani, akamlea kama wake. Baba yangu, Ochan, alikuwa polisi, na mara nyingi alipangiwa kulinda mikutano ya Jumamosi ambayo Masinde alihutubia. Mengi ya haya niliyasikia kwa baba. Yaliyobaki niliyasikia kwa Masinde mwenyewe, nilipokuwa nimemaliza chuo na nimepata akili ya kumsikiliza.

Elimu yake ya dini aliipata kwa posta. Kulikuwa na shirika lililotuma masomo ya kutetea imani, sura kumi na mbili pamoja na mitihani, na Masinde aliyasoma juu ya magunia ya viatu mpaka karatasi zikalainika kama kitambaa. Jioni alimsomea Makokha kwa sauti, na Makokha alimuuliza maswali kama mpinzani. Hivyo ndivyo alivyojizoeza. Alipoanza kusimama kwenye uwanja mdogo nyuma ya soko, ambako wahubiri wa kila aina walijadiliana wakati wa chakula cha mchana, watu waliacha sahani zao wakaja kumsikiliza. Hakutukana mtu. Alisema imani hutetewa kwa upole, na kwamba anayepiga kelele amekwisha kuishiwa hoja.

Aliongea Kiswahili, na Tarcisio alimtafsiria kwa Kiganda. Tarcisio alikuwa Mkatoliki wa Masaka aliyetafsiri mikutano ya madhehebu yote, akisema kwamba mdomo wake ni wa kukodi lakini moyo wake uko Roma. Kasoro yake ilikuwa moja. Sikio lake, kama masikio mengi ya hapa, halikutofautisha l na r. Siku moja Masinde alisema kwamba ukweli haupigiwi kura, na Tarcisio akawatangazia watu kwamba ukweli hauliwi. Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, basi mwalimu, tule nini? Masinde akainua mkono.

"Rudia, Tarcisio. Kura, si kula."

"Ssebo, ndiyo ile nimesema. Kula."

Watu walicheka mpaka mwenye kipaza sauti akakizima. Tangu hapo mkono ule wa Masinde ulikuwa sehemu ya mkutano. Kila Tarcisio alipoteleza, mkono ulipanda, na watu wenyewe wakapaza sauti pamoja, "Rudia!" Baba alisema wengine walikuja kwa ajili hiyo tu.

Mwaka 2009 mswada wa kuongeza adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja ulipelekwa bungeni, na mji mzima ukawa unazungumzia wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Redioni, kanisani, saluni, hapakuwa na jambo jingine. Waliopanga mikutano ya Jumamosi walitaka mjadala kuhusu ndoa ya jinsia moja. Upande mmoja alikuwa Masinde. Upande mwingine walimpata msichana aliyekuwa amehitimu sheria, Aryemo, binti wa mwanajeshi, ambaye alikubali baada ya wengine watatu kukataa.

Siku mbili kabla ya mjadala, Makokha alirudi mapema kutoka Kansanga, ambako alikuwa mpishi wa hoteli ndogo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Alivuta kigoda, akachukua brashi, akaanza kusugua viatu pamoja na kaka yake kama walivyozoea tangu utotoni. Baada ya jozi mbili au tatu alisema, "Kaka, yule ng'ombe wa Nabalayo, mpe mtu mwingine."

Nabalayo ni dada yao aliyebaki Chwele. Alipoolewa, mtamba mmoja katika mahari yake ulitengwa kwa ajili ya Makokha, ili uzao wake umsaidie kuoa. Ndivyo Wabukusu, kabila lao, wanavyofanya: ng'ombe wa dada humwozesha kaka. Masinde alidhani mdogo wake amepata mchumba wa mjini. Akamtania, akamuuliza kama ni Mganda, maana wale hawataki ng'ombe, wanataka magauni ya gomesi na makochi.

Makokha hakucheka. "Sitaoa mwanamke, Kaka. Si huyu wala mwingine. Nadhani umejua siku nyingi."

Masinde aliniambia kwamba hakuwa amejua. Siku nyingine, bila mimi kumuuliza, aliniambia kwamba labda alijua, ila hakuwa amelitia jambo hilo katika maneno. Jioni ile alifanya alichokiweza, yaani alijadiliana. Alianza na uumbaji, akaja kwa mume na mke, akaja kwa maana ya agano. Makokha alimsikiliza mpaka mwisho. Hoja zote alizijua. Alikuwa amezisikia tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na nyingine alizisaidia kuzinoa.

"Sikuombi uache kusema unachoamini," Makokha alisema. "Naomba jambo moja tu. Jumamosi usiniondoe nyumbani mbele ya watu."

"Nani amesema nakuondoa? Ndoa ni jambo moja. Nyumba ni jambo lingine."

"Basi sema hivyo."

Masinde akaahidi.

Ijumaa hakuuza kitu. Aliketi akiandika juu ya vifuniko vya maboksi ya viatu, anakata, anaandika tena. Alitaka sentensi moja itakayolinda imani yake na mdogo wake kwa pamoja. Alasiri akaipata. *Kwetu, mtu wa namna hiyo hana mahari.* Aliipenda kwa sababu ilikuwa imepimwa. Ilisema kwamba ukoo hautatoa ng'ombe, na kwa hiyo hakuna ndoa. Zaidi ya hapo haikusema neno. Haikumfukuza mtu, haikumpeleka mtu gerezani. Alimsomea Makokha jioni ile, na Makokha akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo naweza kuisikia."

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka barabarani. Aryemo alianza, na baba, ambaye hakukubaliana naye hata kidogo, alisema msichana yule alikuwa na moyo wa komando. Alisema hakuna mtu Kampala aliyekuwa akiomba harusi. Watu walikuwa wakiomba wasifungwe, wasichomewe nyumba, wasifukuzwe na wazazi. Akauliza harusi hiyo inayojadiliwa iko wapi, na nani amealikwa. Wengine walizomea, wengine wakacheka kwa kukubali. Masinde akajibu kwa utulivu wake. Alisema hajaja kumtetea anayechoma nyumba, na kwamba amekuja kueleza ndoa ni nini. Alieleza vizuri. Hata Aryemo aliandika baadhi ya maneno yake.

Makokha alisimama karibu na spika ya kushoto, na bakuli la chakula cha kaka yake mkononi, limefungwa kwa kitambaa.

Karibu na mwisho Aryemo aliuliza swali. Hakujua anamuuliza nani. "Mwalimu, tuache habari za Wazungu na bunge. Akiwa ni mtoto wa mama yako, aliyelala nawe kitanda kimoja, utamwambiaje?"

Masinde alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema, neno moja moja, sentensi yake ya boksi la viatu. "Kwetu, mtu wa namna hiyo hana mahari."

Tarcisio akavuta pumzi. "Ewaffe, talina kifo."

Katika Kiganda, kifo si mauti kama kwa Kiswahili, ni mahali. Tarcisio alisikia mahali, akatafsiri mahali. Aliwaambia watu wote wale kwamba nyumbani kwa Masinde mtu wa namna hiyo hana mahali.

Uwanja ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakapiga masufuria, wanawake wauza ndizi wakapiga vigelegele. Masinde alijua Kiganda vizuri. Alikuwa ameuza viatu kwa lugha hiyo miaka mingi. Alisikia kosa lile pale pale, kama anavyosikia mtu jina lake. Mkono wake ukapanda, ule ule wa kumsimamisha Tarcisio. Lakini watu walidhani anawapungia, wakazidi kushangilia, na wengine wakainua mikono kumjibu. Safari hii hakuna aliyesema "Rudia."

"Makofi yaliisha," Masinde aliniambia. "Hilo ndilo nataka uliandike. Yaliisha, pakawa kimya, na mimi bado nilikuwa na kipaza sauti. Ningeweza kusema. Niliona wanavyonitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo maisha yangu yote. Nikaushusha mkono."

Makokha alikuwa akimtazama pia. Alisubiri mpaka mwenyekiti alipoinuka kufunga mkutano. Kisha akaweka bakuli juu ya meza, taratibu ili mchuzi usimwagike, akaondoka katikati ya watu.

Nerima alisema Makokha alifika nyumbani, akala akiwa amesimama, akamuaga kama mtu anayekwenda kazini. Masinde alipoingia alikuta ufunguo wa Makokha umetundikwa kwenye msumari wake, na blanketi limekunjwa. Viatu vya kuuza Jumatatu vilikuwa vimesuguliwa vyote. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jumapili Masinde hakwenda kanisani. Alikwenda Kansanga, akaambiwa mpishi ameomba ruhusa ya kuondoka, hakusema anaelekea wapi.

Baada ya miezi minne Nabalayo alipiga simu. Makokha alikuwa hai, yuko Kenya, mji hakuutaja. Masinde akamwomba dada yake apeleke ujumbe mmoja: mwambie ni Tarcisio aliyekosea. Mimi nilisema mahari.

Jibu lilichukua wiki mbili. Nabalayo alilisoma kwenye simu kama lilivyokuwa. "Kaka, najua ulisema mahari. Kiswahili nilikisikia. Tarcisio hukosea kila Jumamosi, na kila Jumamosi wewe humsahihisha."

Basi. Hakukuwa na neno lingine.

Masinde aliacha mijadala. Walimwita tena, sheria ilipopitishwa na tena ilipofutwa na mahakama, naye alisema koo linamuuma. Imani yake hakuiacha. Nilipomuuliza kama bado anaamini alivyosema kuhusu ndoa, alinijibu kwamba ndiyo, anaamini, na kwamba hilo halimsaidii. Alisema masomo yale ya posta yalimfundisha namna ya kumjibu mtu kwa sura kumi na mbili, na kwa miaka mingi alidhani kumjibu mtu na kumtunza ni kazi moja.

Jumamosi moja ya mwaka 2016 alifunga kibanda chake mchana akaenda uwanjani. Nilikwenda naye, kwa kuwa Nerima aliniomba nisimwache peke yake. Mhubiri wa siku ile hakumjua, lakini Tarcisio, mvi zimemjaa, alimkumbatia na kumwombea dakika mbili za kusema. Watu walikuwa wachache, wengi wakila.

"Zamani hapa nilisema neno, likatafsiriwa vibaya, nami nikanyamaza," Masinde alisema. "Nilisema mahari. Sikusema mahali."

Tarcisio akamgeukia, uso umejaa wasiwasi wa mtu anayetaka kufanya kazi yake vizuri. "Ssebo, ulisema mahali. Hukusema... mahali?"

Mkono wa Masinde ukapanda. Nilidhani atasema rudia. Alibaki nao hewani kidogo, kisha akauweka begani kwa Tarcisio na kuchukua kipaza sauti. Akaongea Kiganda mwenyewe, kwa lafudhi yake ya Chwele.

"Muganda wange alina ekifo ewaffe."

Ndugu yangu ana mahali kwetu. Alisema mara mbili. Watu waliendelea kula. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu, akimenya chungwa, akamuuliza kwa adabu ni ndugu gani huyo, na kama amekuja naye.

"Hapana, nnyabo," Masinde akamjibu. "Hakuja."

Tulirudi kibandani. Alasiri ile Nabalayo alipiga simu kuhusu mambo ya nyumbani, na mwishoni akauliza, kama alivyouliza kila mwaka, uzao wa yule mtamba apewe nani, maana wajomba wanawataka. Masinde alikuwa na kiatu cha mtoto kimoja mkononi, anatafuta mwenzake gunia zima. Akamwambia wabaki pale pale, asipewe mtu yeyote. Nabalayo akasema, lakini Makokha haoi. Masinde akasema anajua. Wabaki tu.