Jiwe la Kukandamizia Karatasi

Chwaraa! Mpaka leo Mama Kalamu, mchora katuni wa gazeti, anausikia mlio wa kioo chake. Alikuwa amemchora mhubiri akikoroma katikati ya mahubiri yake mwenyewe, waumini wakapandwa na hasira, wakavurumisha jiwe dirishani. Ndugu zake walimsihi aache kuchora. Yeye jiwe akaliokota, likawa la kukandamizia karatasi.

Fundi vioo, muumini wa mhubiri yuleyule, alipomaliza kupachika kioo kipya aliikodolea macho ile katuni.

“Dada, hii ni dhambi.”

“Mbona mabega yako yanacheka, kaka?”

Fundi akaangua kicheko mpaka machozi. Kisha akauliza, “Na wakirudi?”

Mama Kalamu alikuwa ameshaanza kuchora nyingine.

“Na wewe utarudi,” akasema kwa sauti ya chini.