Sahihi Juu ya Mguu wa Zaina

Mikumi ya utoto wangu ilinuka breki. Malori yaliyotoka Iringa na yaliyotoka Morogoro yalisimama mbele ya nyumba yetu yakiwa yamechoka, na harufu ya mpira ulioungua na dizeli ilichanganyika na moshi wa nyama ya mbuzi na mafuta ya chipsi, mpaka mama akawa anasema nguo zake zinakauka kambani zikiwa zimeshiba. Baba aliziba pancha. Banda lake la mabati lilikuwa hatua chache kutoka barabarani, na juu ya mlango wake ilining'inia bendera ya timu, iliyopauka kwa jua na vumbi, kwa maana banda lile ndilo lilikuwa pia tawi la wapenzi wa timu. Timu yenyewe sitaitaja. Mtanzania huzaliwa na timu yake tayari, na nikiitaja yetu nusu ya wasomaji wataniacha hapahapa. Itoshe kusema kwamba kulikuwa na sisi na kulikuwa na watani, na baba alikuwa mwenyekiti wetu wa tawi.

Timu ilianza kusimama kwetu kwa sababu ya pancha. Basi lao lilipasukiwa tairi karibu na mbuga wakielekea Mbeya, likaletwa kwa baba likichechemea, na wakati baba anahangaika na tairi, mama akawapakulia wachezaji wali, maharage na kisamvu cha nazi. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini wakati ule timu kubwa ikisafiri ilibeba maji yake, mpishi wake, hata chumvi yake. Watu waliogopa kulishwa vitu. Ilisimuliwa kwamba kipa fulani alikula ndizi ya ugenini na jioni yake akauona mpira mmoja kama mitatu, akadaka usio wenyewe. Kwa hiyo meneja wa timu alipoonja wali wa mama, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuwaruhusu vijana kula, tawi zima lilisimama wima kwa heshima. Tangu siku ile kila safari ya Mbeya basi lilisimama kwetu, na Mikumi nzima ikajua kwamba mama ndiye mwanamke pekee kati ya Morogoro na Iringa ambaye chakula chake hakiogopwi. Mama mwenyewe alisema heshima hiyo ingekuwa tamu zaidi kama wangemsaidia kuosha masufuria.

Tawi lilikuwa na sheria zake juu ya wachezaji, nasi watoto tulizijua kuliko jedwali la kuzidisha. Timu ikienda kwenye mechi, mchezaji haguswi, hapewi mkono, haombwi sahihi. Mkono wako hujui umeshika nini, na jina la mtu likibaki kwenye karatasi yako kabla ya mechi, nani ajuaye karatasi hiyo italala wapi? Sahihi zilisubiri safari ya kurudi. Nako kurudi kulikuwa na masharti: wakishinda, vijana waliwazunguka na fulana na majalada ya madaftari, wakifungwa, hakuna aliyetoa kalamu, walipewa maneno tu, na walikula wameinamisha vichwa kama wanafunzi waliofeli. Kumwomba sahihi mchezaji wa watani hilo halikuwa na sheria, kwa kuwa hakuna aliyeliwazia. Wazee nao waliidharau sahihi yenyewe. Baba alisema kusaini ni kazi ya mtu aliyepokea mzigo. Yeye alichotaka ni shikamoo, na aliipata. Vijana ambao majina yao yalitangazwa redioni nchi nzima walishuka kwenye basi wakamwamkia baba yangu mwenye mikono myeusi ya gundi na vumbi la matairi, naye akajibu marahaba polepole ili majirani wasikie.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule aliokaa kwetu Zaina, mtoto wa shangazi yangu wa Kilosa, aliyenizidi umri kidogo. Zaina alicheza mpira, na msichana kucheza mpira Kilosa ya wakati ule lilikuwa jambo la kuchekesha mpaka umwone akicheza. Ukishamwona, kicheko kilikauka. Alivunjika mguu huko Kimamba, kwenye uwanja uliopakana na mashamba ya mkonge, akigombea mpira na wavulana, akaletwa hospitali ya misheni ya Mikumi na kufungwa plasta ngumu, ile tunayoiita muhogo. Muda wake wa kufunguliwa ulikuwa umekaribia, na ndivyo alivyozidi kunyamaza. Daktari alimwambia shangazi kwamba mguu umeunga lakini kukimbia ni majaliwa. Mwalimu wa michezo alikwisha kumpa namba yake msichana mwingine. Usiku nilimsikia akigongagonga muhogo ule kwa kucha, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Aliniambia siri yake: anataka Msumeno aandike jina lake pale.

Msumeno lilikuwa jina la utani la winga wetu wa kushoto, kwa jinsi alivyowakata mabeki. Zaina hakumpendea chenga. Alimpendea kwamba na yeye aliwahi kuvunjika mguu, wakasema amekwisha, akarudi. Aliamini jina la mtu wa namna hiyo likikaa juu ya mfupa wake, mfupa utajifunza. Shida ni kwamba timu ilikuwa inapita Ijumaa kwenda Mbeya, na ingerudi baada ya yeye kufunguliwa. Alimwomba baba. Baba alimpenda sana, mpwa wake wa pekee, akamjibu kwa upole, "Mama, wakienda hawaguswi. Subiri warudi." Zaina akasema, "Sawa, mjomba," na sote tukaamini.

Ijumaa ile basi lilisimama mchana. Wachezaji walishuka wakaamkia, wakanawa, mama akaanza kupakua. Wapenzi walisimama mbali kidogo wamefunga mikono nyuma, kama ilivyokuwa desturi. Ndipo Zaina akatoka nyuma ya nyumba na magongo yake, kalamu ya wino mzito kaibana kwa meno, akaenda moja kwa moja hadi kwa Msumeno aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Akaitoa kalamu mdomoni. "Shikamoo kaka. Naomba uniandikie jina lako."

"Marahaba," akajibu Msumeno, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, akaipokea kalamu na kutafuta karatasi. Zaina akauinua mguu akauweka kwenye ukingo wa benchi. Nilimwona Msumeno akiangalia muhogo ule, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani. Nyuma yetu mtu akapiga kelele, "Asisaini! Mguu mbovu huo, asisaini!" Ilikuwa sauti ya Sefu, fundi cherehani, katibu wa tawi. Msumeno akaiangusha kalamu, akarudi ndani ya basi karibu anakimbia. Meneja akaangalia sahani, akaangalia magongo, akampungia dereva. Waliondoka na njaa. Wali ulibaki mezani ukitoa mvuke, na Zaina alibaki ameinua mguu wake juu ya benchi, hajui aushushe lini. Niliona aibu kwa ajili yake mpaka nikakasirika.

Watu wale wawili waliamini jambo moja. Zaina aliamini bahati ya Msumeno ingeingia kwenye mguu wake, na Msumeno aliamini nuksi ya mguu ule ingeingia kwenye wake. Hilo nililielewa nilipokuwa mtu mzima. Siku ya mechi nilielewa tu kwamba banda limejaa na redio iko juu ya rundo la matairi, na kwamba kipindi cha pili mtangazaji alisema Msumeno ameanguka peke yake, hakuguswa na mtu, ameshika mguu, machela inaingia. Tulifungwa. Hakuna aliyelaumu kipa wala mwamuzi, na wapenzi wa mpira wasipomlaumu mwamuzi ujue kuna hatari. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kuangalia mlango wa nyumba yetu, ambako Zaina alikuwa amekaa akichambua mchele.

Kufika jioni maneno yalikwisha kukomaa. Zaina katumwa na watani. Kalamu ilikuwa imelazwa makaburini. Kuna aliyekumbuka kwamba bibi mzaa baba wa Zaina, kule Mamboya, aliwahi kusemwasemwa. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Na mimi niliona kwa macho yangu jinsi lisilokuwepo linavyoletwa. Watoto tuliochota nao maji walimpisha Zaina bombani, si kwa heshima. Tawi likaitwa kikao. Sefu alisimama akasema kwa unyenyekevu mwingi kwamba hakuna anayemlaumu mtoto, ila mtoto arudishwe Kilosa kesho, na mganga aitwe aangalie mahali pale, la sivyo timu haitasimama tena Mikumi. Watu wakaitikia. Shangazi alikuwa amewasili kwa ajili ya hospitali. Alikaa ukutani amejifunika kanga usoni, na mabega yalikuwa yanatikisika.

Nataka niseme ukweli juu ya baba: yeye pia aliogopa. Sheria ya kutogusa wachezaji aliitunga yeye, na aliiamini. Lakini damu nzito kuliko maji. Alisimama akauliza, "Kama mguu wa mtoto huyu una nguvu za kumvunja mtu Mbeya, mbona haujajiponya wenyewe?" Watu walitikisa vichwa. Akamwita Zaina, akamkalisha juu ya tairi mbele ya kikao, akachukua kalamu ileile waliyosema imelazwa makaburini, na akaandika jina lake kamili juu ya muhogo, na chini yake cheo: mwenyekiti wa tawi. Herufi zilipanda mlima. Mama hakutafuta kalamu. Alitoka jikoni na kidole gumba chenye masizi ya sufuria akakigandamiza kando ya jina la mumewe. Nami nikaandika langu. Wengine walitazama, wakaanza kuaga. Sefu aliishusha bendera akaenda nayo kwake, na huo ukawa mwisho wa tawi katika banda letu. Baba alitembea kwa tahadhari miezi mingi baada ya hapo, akipima kila shimo, na mama alimcheka kila alipomwona akivuka mtaro.

Timu haikusimama tena. Zaina alifunguliwa, na mguu ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake, hakucheza tena. Msumeno alicheza msimu mmoja mwingine akiwa kivuli chake, kisha jina lake likaacha kutajwa.

Siku hizi timu kubwa huenda Mbeya kwa ndege, na zinazopita Mikumi kwa barabara zinasimama popote. Mwanangu ana simu iliyojaa picha za wachezaji, amewakumbatia mabegani, wengine aliwakuta wakinunua nyanya Dumila kabla ya mechi ya Dodoma. Nikimuuliza huyu ni nani, anakuza picha asome jina mgongoni. Sisikitiki. Woga wetu ulikaribia kumfanya mtoto mchawi, na dunia ambayo mtu anapiga picha na mtani wake bila kuita kikao ni dunia niliyoitamani. Ninachokiona tu ni kwamba sisi tuliwaogopa wachezaji kupita kiasi na wanangu hawawaogopi hata kidogo, na katika nyakati zote mbili ni wachache waliowahi kuwauliza hali.

Mwaka jana nilipanda treni ya umeme hadi Kilosa kumsalimia Zaina, ambaye anauza vitenge sokoni. Siku hiyo shule za wilaya zilikuwa na bonanza, na mgeni rasmi alikuwa Msumeno, mzee mwenye kitambi na kofia. Vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza walipanga foleni ya picha. Zaina alifunga duka, akaingia kwenye foleni nami nyuma yake, akafika mbele.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dada. Simu iko wapi?"

"Sikuja kwa picha. Nimekuja kukuuliza mguu. Ule ulioumia Mbeya."

Msumeno alicheka kwa mshangao. "Ule? Ule uliumia Dar, dada, wiki nyingi kabla. Nilikuwa nachomwa sindano ya ganzi ili nicheze. Ningesema, namba ingeenda kwa mwingine. Tulipofika Mikumi kuna mtoto aliniwekea mguu wa muhogo hapa mbele. Nilikimbia. Niliona ninakoelekea."

"Mtoto huyo ni mimi," Zaina akasema.

Mzee alivua kofia. Akaomba kalamu kwa walimu, akauliza amwandikie wapi. Zaina alimwambia asijisumbue, akampa mkono, wakashikana muda mrefu huku foleni ikinung'unika nyuma yetu.

Tulirudi kwa bajaji. Nilidhani atalia, au atacheka, au atamtukana Sefu, ambaye bado yuko hai na bado ni katibu. Hakufanya lolote mpaka tulipofika mlangoni kwake.

"Mguu wake nimeuombea dua tangu siku ile," alisema. "Wangu niliona aibu kuuombea."