Mwamvuli wa Waziri wa Kiholanzi

Fundi Liberatus wa hapa Mafinga hachori. Anatengeneza fremu kwa mabaki ya mbao za paini, basi. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanamwita mchochezi, na mimi kibanda changu kimepakana na chake mwaka wa tisa huu.

Picha yenyewe aliileta Mholanzi mmoja, bwana miti, iwekewe fremu, kisha akarudi kwao bila kuichukua. Imechapwa mwaka 1869. Bwana mnene mwenye kofia ndefu amesimama chini ya mwamvuli, wanakijiji wanazoa tope mtaroni. Mholanzi alisema huyo alikuwa waziri wao. Magazeti ya kwao yaliwachora wakubwa hivyo, watu wakacheka. Liberatus akaitundika mlangoni. Miaka mitatu hakuna aliyeijali.

Mwezi wa tatu tukaitwa msaragambo, kuchimba mtaro wa mtaa. Sote tulishika majembe, isipokuwa mwenyekiti wetu, mzee Sifaeli. Yeye alisimama ukingoni na mwamvuli, akituhesabu. Kesho yake Tupokigwe, muuza vitumbua, akaiona ile picha, akacheka mpaka akakaa chini. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa umeshapita kuangalia.

Na Liberatus alikuwa anangoja mhuri wa mwenyekiti kwenye barua ya kibanda. Bila mhuri, mwisho wa mwezi kinavunjwa.

"Umenichora mimi," mwenyekiti alisema.

"Mzee, huyo alikufa zamani. Mwaka huo hapo chini."

"Ukiitoa watasema nimeogopa. Futa mwamvuli, nipige mhuri."

Niliudhika, nikamwambia Liberatus akatae. Akanijibu ana watoto wanne, na ubishi hauliwi. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akafuta mwamvuli na mpini wake. Mwenyekiti akachungulia, akaridhika, akagonga mhuri.

Ila mkono ulibaki. Sasa waziri amesimama juani, kiganja mbele, anawatazama wachimbaji.

"Alaa!" Tupokigwe akasema alipopita. "Kumbe alikuwa anataka chochote!"

Siku hiyo kicheko kilifika mpaka sokoni. Nilifurahi, sifichi.

Siku ya tatu mwenyekiti akaja asubuhi, kichwa wazi, na manyunyu yanamlowesha.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mzee."

Akaangalia barabarani kwanza, kisha picha.

"Mrudishie yule bwana mwamvuli wake," akasema taratibu.

Liberatus aliendelea kupiga msumari.

"Mimi sichori, mzee. Natengeneza fremu tu."