Dakika Moja ya Kimya Sebuleni kwa Susu

Kabla sijaona lolote, nilisikia sufuria ikianguka. Nilikuwa nimefumba macho, hedifoni zimenibana masikio, nasikiliza kimya cha sebule ya watu kule Kalama kama mtu anayeonja asali, na sufuria ilipogonga saruji ikanipasukia katikati ya kichwa, halafu chai ikamwagika (niliisikia hata chai ikitambaa sakafuni, maiki zangu ni nzuri), halafu mwanamke akaangua kilio, kile kilio ambacho hakuna mtu wa Ukambani anayehitaji kuelezwa maana yake. Nikafumbua macho. Ningejua, ningeyaacha yamefumbwa.

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu kule Kalama inasimuliwa tayari, na wanavyoisimulia wao mimi ni mpumbavu zaidi ya nilivyokuwa, jambo ambalo si rahisi.

Mnajua mimi naandika riwaya, na mnajua pia kwamba riwaya yenyewe haijatoka, kwa hiyo katikati ya kungoja huwa nabeba kamera na kinasa sauti nikawahoji wazee, tuwe na kitu cha kuonyeshana pale kwenye kikundi chetu cha waandishi mjini Machakos. Rafiki yangu Mueni, ambaye husoma mashairi yake hapo na ambaye (niseme tu) nilikuwa nataka anione mtu wa maana, aliniambia kwamba nyanya yake, Susu kama wanavyomwita wote nyumbani, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za mwethya zamani, wanawake walipokusanyika kuchimba matuta ya mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Zile nyimbo alizitunga mwenyewe, na wengi walioziitikia wameshalala kaburini. Lakini mumewe alipookoka na kufanywa mzee wa kanisa alisema hizo ni nyimbo za dunia, na katika nyumba yake haziimbwi. Susu akanyamaza. Amenyamaza hivyo tangu mama yake Mueni akiwa msichana.

"Sasa Umau amelazwa, presha imempanda," Mueni akaniambia, maana Umau ndiye babu. "Susu amesema uje wakati hayuko. Ataimba mara moja tu. Akirudi, basi."

Mara moja tu. Hayo maneno yangetosha kumfanya mtu mwenye akili aingie, awashe mashine, aseme, Susu, imba. Mimi nikataka sauti safi.

Nyumba ilikuwa ya matofali, mabati juu, saruji chini, na kila neno lilirudi kutoka ukutani kama mpira. Nikaomba mablanketi. Nikayatundika dirishani na ukutani mpaka chumba kikawa giza, nikabakisha taa yangu moja ndogo ya kamera. Nikawatoa kuku. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga kama mtu anayepasua kokoto, nikaitoa betri. Nikakusanya simu, yangu na ya Mueni na ya Susu, nikazizima zote, na pale kwenye soketi palikuwa na nyingine inachaji, nikaizima hiyo pia bila kuuliza ni ya nani, nikazitia zote kwenye karai na kulisukuma chini ya kitanda cha chumba cha pili. (Uamuzi wangu mdogo ni huo. Mtu anaweza kuharibu nyumba kwa kubonyeza kidude kimoja.)

Simu ile ilikuwa ya Anti Kavata, dada ya mama yake Mueni, aliyekuwa jikoni nyuma ya nyumba akitupikia chai. Ndiyo namba iliyoandikwa hospitalini.

Susu alikaa kitini, kitambaa kichwani, maiki nimeibana kwenye sweta yake, waya ukinijia mpaka kiunoni. Alikuwa mdogo wa mwili, na alinitazama nikihangaika na vitu vyangu kwa uso wa mtu anayejizuia kucheka.

"Kijana," akasema, "wewe unatayarisha nyimbo ama unatayarisha harusi?"

"Nataka isikike vizuri, Susu."

"Sisi tulikuwa tunaimba na majembe yanalia, na watoto wanalia mgongoni. Ilisikika mpaka ng'ambo ya mto."

Mueni akacheka. Mimi nikatabasamu kwa ile huruma ya mtaalamu (nikilikumbuka lile tabasamu nataka kutapika), nikaanza maswali. Akaongea vizuri sana. Akaeleza jinsi mkono unavyochoka kabla ya wimbo, na jinsi wimbo unavyoudanganya mkono. Mara mbili akafungua kinywa kuanza kuimba, na mara mbili nikamzuia kwa kiganja: mara ya kwanza pikipiki ilipita barabarani, mara ya pili punda wa jirani alikuwa na la kusema.

"Basi ngoja, Susu," nikamwambia, "kabla hujaimba, kwanza nichukue kimya cha chumba."

Wanaorekodi wanajua. Unachukua dakika moja ya chumba kitupu, watu wakiwemo lakini hakuna anayejongea, ili baadaye ukikata maneno uwe na kitu cha kuziba pale ulipokata, pasisikike kama shimo. Nikawaeleza kwa haraka, nikawaomba wasitikisike. Kofia ilikuwa inasukuma hedifoni, nikaivua. Nikainua mkono. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho.

Sasa jiwekeni mahali pa Anti Kavata. Mzee wenu yuko hospitalini. Simu yako umeiacha sebuleni. Unasukuma mlango kwa kiwiko, sufuria ya chai mkononi, unakuta dirisha limefunikwa, saa imesimama, mama yako ameinama, mpwa wako ameinama, na mwanamume mgeni amevua kofia, macho amefumba, amesimama katikati yao.

Sufuria ikaanguka.

"Aiya! Baba! Baba yangu!"

Na Susu, ambaye alijua kabisa kwamba tulikuwa tukirekodi kimya, alijua pia kwamba hospitali hupiga simu kwa Kavata. Hakuuliza. Aliinuka kitini kwa wepesi ambao sikuutarajia, akatoka mbio uani, na kwa kuwa maiki ilikuwa kwenye sweta yake na waya ulikuwa kiunoni mwangu, mimi nami nikatoka mbio nyuma yake kama ndama anayepelekwa mnadani, nikigonga meza, nikigonga mlango, nikipiga kelele, "Hakuna aliyekufa! Ni kimya cha chumba! Ni kimya tu!" Hebu fikirieni mtu anayeyasikia hayo akiwa ng'ambo ya ua.

Walikuja. Wanawake wakashuka matuta kwa matuta, yale yale aliyoyachimba Susu, wakilia kabla hawajafika. Mtu akatuma kijana wa bodaboda akaite kanisa. Viti vya plastiki vikatokea sijui wapi. Mueni alikuwa ndani, amepiga magoti kando ya kitanda akiwasha simu, zote kwa pamoja, akikosea namba ya siri. Mama mmoja mnene akanishika bega akaning'oa hedifoni.

"Wewe, toa hii kitu kwa masikio. Ni nani amekuambia mzee amekufa?"

"Hakuna, mama. Mimi nilikuwa nachukua kimya."

"Unachukua nini?"

"Kimya."

Akawageukia wenzake. "Huyu ni mwizi ama ni mgonjwa?"

Na katikati ya hayo Susu alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, analia kwa maneno, kama wanavyolia. Alimlaumu mumewe kwa kuondoka bila kuaga. Akamlaumu kwa uji alioukataa asubuhi ya kupelekwa hospitali. Kisha akainua uso, na sauti yake ikapanda, na nawaapia ilikuwa ndiyo ile sauti, ile ya kufika ng'ambo ya mto, niliijua hata bila kuwahi kuisikia.

"Sasa nani atanikataza kuimba? Niambieni! Nani atanikataza kuimba?"

Wanawake wakanyamaza. Nilidhani walinyamaza kwa ajili ya maneno hayo, mpaka nilipogeuka nikaona pikipiki imesimama langoni, na nyuma ya dereva mzee mrefu ameshika mfuko wa dawa, utepe wa hospitali bado mkononi. Alikuwa ameruhusiwa tangu asubuhi. Alimpigia Kavata mpaka akachoka, akaamua kujileta.

Alishuka polepole. Alitazama viti. Alimtazama mkewe pale vumbini.

"Kumbe ulikuwa unangojea hii," akasema.

Mtu mmoja nyuma alijaribu kusema "Bwana asifiwe, mzee," ikamfia mdomoni. Umau akapita katikati yao mpaka mlangoni, akaona mablanketi, akaona saa, akaona kamera yangu imesimama kwa miguu yake mitatu.

"Na huyu ni nani?"

"Ni rafiki yangu, Umau," Mueni akasema. "Alikuja kurekodi."

"Kurekodi nini?"

Mueni akanitazama. Mimi, mtu wa maneno, nikatazama viatu vyangu. Ni Susu aliyejibu, akijipangusa vumbi, bila kuinua sauti.

"Nyimbo zangu."

Umau akaingia chumbani mwake. Watu wakaanza kuondoka na viti vyao, na yule mama mnene alipopita karibu nami akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Kijana, siku nyingine ukitaka kimya nenda makaburini, huko kipo cha bure." Wakacheka. Mwezi uliofuata nilikuwa sokoni Machakos nikinunua ndizi, mwanamke nisiyemjua akamgusa mwenzake: ndiye huyo, anayeua wazee na maiki.

Hilo naweza kulibeba. Nisiloweza ni lililofuata. Nilirudisha betri kwenye saa (nikaiweka wakati usio sahihi, sikuthubutu kuuliza saa ngapi). Nilikunja mablanketi. Mueni alinisaidia bila kunisemesha, na mpaka leo hajanisemesha zaidi ya salamu. Halafu nikafanya upumbavu wa mwisho, nikamwendea Susu pale mlangoni na kumnong'oneza, "Susu, labda siku nyingine. Hata kidogo tu."

Aliibandua maiki kwenye sweta yake taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akaiweka kiganjani mwangu na kukikunja kiganja.

"Umepata kimya," akasema. "Si ndicho ulikuwa unataka?"

Nimeapa sitaiomba tena nyumba yoyote ya mtu inyamaze. Mtu akitaka kuimba na aimbe, na punda alie, na saa igonge, na pikipiki zote za Kalama zipite. Lakini kiapo changu hakimfai kitu Susu. Ninayo ile rekodi, dakika ya kimya haikufika hata nusu, na ndiyo sauti safi kuliko zote nilizowahi kuchukua.

Nikatoka na mifuko yangu. Mlango ukafungwa nyuma yangu, bila hasira, na kwa kuwa hedifoni zilikuwa zimerudi masikioni na maiki iko mkononi na sikuwa nimezima mashine, niliusikia mara mbili.